Kwa nini ndege ya mizigo huzunguka angani badala ya kutua

Tarehe 9 Novemba 2023 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747-400 iliondoka New York kwenda Liège, Ubelgiji. Ikiwa bado inapanda kuelekea futi 31,000, farasi mmoja kati ya shehena alijinasua kizimbani. Marubani waliwaarifu waongoza ndege wa Boston kwamba ndege haina hitilafu yoyote, ila hawawezi kumfunga tena mnyama yule, hivyo wanaomba kurudi walikotoka. Lakini hawakurudi moja kwa moja. Walipitia kwanza baharini, karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, wakamwaga tani 20 hivi za mafuta, ndipo wakaelekea New York na kuomba daktari wa mifugo awasubiri uwanjani.

Mtu aliyekuwa akiifuatilia safari ile kwenye ramani ya simu aliona ndege kubwa ikigeuka juu ya maji bila sababu ya wazi. Sababu ilikuwepo, na huwa ipo. Ndege ya mizigo ikizunguka, ama inasubiri jambo fulani lililo chini likamilike, ama yenyewe bado haijawa tayari kutua. La kwanza wengi hulikisia: uwanja umejaa, ukungu umetanda. La pili halijulikani sana, na ndilo linalozibana ndege za mizigo kuliko za abiria. Tuanze na hilo.

Uzito wa kupaa si uzito wa kutua

Kila ndege kubwa ina viwango vya uzito ambavyo haitakiwi kuvivuka. Vitatu vinatuhusu hapa: uzito wa juu wa kupaa, uzito wa juu wa kutua, na uzito wa juu kabla ya mafuta, yaani ndege yenyewe pamoja na shehena yote. Boeing 747-400 ya mizigo inaweza kupaa ikiwa na karibu tani 397, lakini kutua isizidi tani 302 hivi. Boeing 777 ya mizigo hupaa na tani 347.8 na kutua na 260.8. Boeing 767-300 ya mizigo, aina ambayo Air Tanzania iliipokea Juni 2023, hupaa na tani 186.9 na kutua na 147.9. Pengo hilo la makumi ya tani ni mafuta yanayotarajiwa kuungua njiani.

Kiwango cha kutua kiko chini kwa sababu ya miguu ya ndege na breki zake. Kanuni za usanifu zinataka ndege yenye uzito wa juu wa kutua istahimili kugusa ardhi ikiwa inashuka futi 10 kwa sekunde, karibu mita 3. Ikiwa na uzito wa juu wa kupaa, inatakiwa kustahimili futi 6 tu kwa sekunde. Kwa hiyo ndege nzito haivunjiki papo hapo ikitua. Kinachopungua ni nafasi ya rubani kukosea. Breki nazo zina hesabu yake. Ndege nzito lazima itue kwa kasi kubwa zaidi, na nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa kipeo cha pili cha kasi hiyo.

Mwinuko wa uwanja huongeza tatizo. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi, kwa hiyo ndege yenye kasi ileile kwenye kipimo chake hugusa ardhi ikiwa inakwenda kasi zaidi kwa asilimia 8 hivi kuliko ingekuwa Mombasa, na breki hupokea nishati zaidi kwa karibu asilimia 17. Joto la mchana huongeza kidogo tena. Magurudumu yana vizibo vinavyoyeyuka rimu ikipata moto kupita kiasi, ili tairi litoe upepo badala ya kupasuka. Ni kinga nzuri kwa watu walio karibu, lakini ndege iliyokaa katikati ya njia ya kurukia na matairi yaliyokwisha upepo haivutwi kwa dakika tano. Nairobi ina njia moja tu ya kurukia, kwa hiyo ndege moja ya namna hiyo inafunga uwanja mzima.

Ndege ya abiria hukutana na haya yote, ila mara nyingi ina nafasi ya kupumua, kwa kuwa watu na masanduku yao huchukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo. Ndege ya mizigo hupakiwa hadi kwenye mpaka, maana kila kilo ina malipo. Tuichukue 767 ile. Uzito wake wa juu kabla ya mafuta ni tani 140.2. Ikijazwa mizigo hadi hapo, imebakiwa na tani 7.7 tu kufikia kiwango cha kutua. Injini zake mbili hula tani 4.5 hadi 5 kwa saa, kwa hiyo inatakiwa kufika mwisho wa safari ikiwa na mafuta yasiyozidi ya kama saa moja na nusu. Sasa tuseme imepaa na tani 46 za mafuta, na dakika kumi baadaye taa ya onyo inawaka. Ili itue kwa uzito wa kawaida lazima ipoteze karibu tani 38. Kuyachoma yote kwa kuzunguka kungechukua saa nane.

Hesabu hiyohiyo huibana ndege hata siku ambayo hakuna kilichoharibika. Mpangaji wa safari akitaka kuongeza tani tatu za mafuta kwa kuhofia ukungu, ni lazima ahakikishe ndege haitafika ikiwa imezidi uzito wa kutua. Ikizidi, tani tatu za mzigo zibaki ghalani. Na safari ikienda vizuri kuliko ilivyopangwa, upepo ukiwa nyuma na waongoza ndege wakitoa njia ya mkato, ndege hufika na mafuta mengi kuliko ilivyokadiriwa. Hapo utaiona ikizunguka mara mbili tatu, au ikishusha magurudumu mapema mno, kilomita nyingi kabla ya uwanja, ili upinzani wa hewa uzilazimishe injini kula zaidi. Inaondoa tani moja iliyozidi.

Kumwaga mafuta

Ndege nyingi kubwa za masafa marefu zina mfumo wa kumwaga mafuta, 747, 777 na MD-11 zikiwemo. Mirija iko nyuma ya mabawa, upande wa nje, mbali na injini na mkia. Kwenye 747-400 rubani huzungusha kitufe na kuchagua kiasi kinachotakiwa kubaki, kisha hufungua vali. Kulingana na aina ya ndege na pampu zinazofanya kazi, hutoka tani moja hadi mbili na zaidi kwa dakika. Kanuni hazikubali mfumo huo ukaushe matangi: lazima yabaki mafuta ya kutosha kupanda hadi futi 10,000 na kuendelea kuruka dakika 45, hata kama rubani amesahau kufunga.

Kazi yenyewe hufuata taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Ndege inayomwaga inatakiwa isiwe chini ya futi 6,000, ili matone yageuke mvuke kabla ya kufika ardhini. Ndege nyingine hukaa umbali wa angalau kilomita 19. Zile zilizo nyuma yake ndani ya dakika 15 za kuruka au kilomita 93 huwekwa futi 1,000 juu yake au futi 3,000 chini yake. Kwa hiyo mwongoza ndege huitafutia eneo lenye nafasi, mbali na miji, mara nyingi juu ya bahari, lakini si mbali na uwanja iwapo hali itageuka. Eneo la namna hiyo ni dogo, na ndege inahitaji dakika 10 hadi 50 ndani yake, hivyo lazima igeuke na kugeuka tena. Mizunguko huwa mipana na ndege hukaa kwenye kimo kimoja, isije ikashuka na kupita ndani ya mafuta yake yenyewe.

Umuhimu wa futi 6,000 ulionekana Los Angeles tarehe 14 Januari 2020. Boeing 777 ya abiria ya Delta, ikirudi na hitilafu ya injini, ilimwaga mafuta ikiwa chini sana katika hatua za mwisho za kutua, na yakawaangukia wanafunzi kwenye viwanja vya shule. Mapema wafanyakazi wake walikuwa wamewaambia waongoza ndege kwamba hawahitaji kumwaga, kwa hiyo hakuna aliyewapeleka baharini.

Ndege kama Boeing 737 na 757 hazina mfumo huu kabisa. Sheria huruhusu hivyo endapo ndege, muda mfupi baada ya kupaa na uzito wake wa juu, bado ina nguvu ya kupanda inavyotakiwa ikilazimika kughairi kutua. Njia yake ni mbili tu: kuzunguka hadi mafuta yapungue, au kutua ikiwa imezidi uzito. Kutua hivyo si kosa. Kapteni ana mamlaka ya kuamua, naye akifanya hivyo mafundi hukagua miguu, mabawa na viungio vyake kabla ndege haijaruka tena. Inagharimu muda na fedha, na ndiyo maana tatizo likiwa la kawaida marubani huchagua kuzunguka.

Kuzunguka pia hutoa muda wa kusoma. Tarehe 4 Oktoba 2023 magurudumu ya Boeing 757 ya FedEx yaliyokuwa yamekunjwa baada ya kupaa Chattanooga, Marekani, yalikataa kushuka. Katika hali kama hiyo rubani mmoja huendesha na mwenzake husoma orodha ya hatua: jaribu mpini wa kawaida, jaribu njia mbadala, angalia taa, pita karibu na mnara ili walio chini watazame tumbo la ndege. Kila hatua ina dakika zake, na wakati huohuo zimamoto wanajipanga. Ndege ile hatimaye ilitua kwa tumbo na watu wote watatu waliokuwemo walitoka salama.

Mahali ambapo dakika hazipo

Kuna hali moja ambayo ndege haitakiwi kuzunguka hata mara moja, nayo ni moto. Sakafu ya juu ya ndege nyingi za mizigo haina gesi ya kuzimia moto. Eneo ni kubwa mno. Badala yake marubani huvaa barakoa za oksijeni, hukata hewa inayoingia kwenye mizigo, huondoa mgandamizo wa hewa ndani ya ndege na kukaa kwenye futi 25,000 hivi ili moto ukose oksijeni, huku wakienda kwenye uwanja wa karibu. Hilo hupunguza makali ya moto wa karatasi na nguo. Betri za lithiamu zikishika moto zinatoa joto na gesi zake zenyewe, na kukosa oksijeni hakuzizimi vya kutosha.

Tarehe 3 Septemba 2010 Boeing 747-400 ya UPS, ikitoka Dubai kwenda Cologne na shehena kubwa ya betri za lithiamu, ilipata onyo la moto dakika 22 baada ya kupaa. Doha ulikuwa karibu zaidi, lakini wafanyakazi waliamua kurudi Dubai. Moshi ulijaa chumba chao hadi hawakuweza kusoma vipimo. Ndege ilipita juu ya Dubai ikiwa juu mno na kasi mno, ikageuka, kisha ikaanguka. Wote wawili walikufa. Tangu hapo onyo la moto kwenye mizigo limechukuliwa na kampuni nyingi kuwa amri ya kutua popote panapotulika, uzito ukizidi uzidi.

Mfano mwingine wa dakika kukosekana, mara hii si kwa moto wa shehena, ni wa Amsterdam, tarehe 4 Oktoba 1992. Boeing 747 ya mizigo ya El Al ilipoteza injini mbili za bawa la kulia muda mfupi baada ya kupaa Schiphol: ya tatu ilichomoka na kuigonga ya nne. Wafanyakazi waliomba njia ya kurukia namba 27, lakini walikuwa karibu nayo mno na juu mno, hivyo ikabidi wazunguke ili washuke. Kwa kasi kubwa ndege ilikuwa bado inashikika. Ilipopunguza kasi ili itue, bawa la kulia lililoharibika halikuweza tena kubeba upande wake, ndege ikapinduka na kuangukia majengo ya makazi ya Bijlmer. Watu 43 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

Tukio la Baghdad, tarehe 22 Novemba 2003, lilikwenda vingine. Airbus A300 ya DHL ilipigwa kombora bawa la kushoto ikiwa inapanda, ikapoteza haidroliki yote, yaani usukani wote. Wafanyakazi watatu walijifunza hewani kuiongoza kwa nguvu za injini peke yake: ongeza kushoto ndege ielekee kulia, punguza zote pua ishuke. Duru ile pana waliyoizunguka bawa likiwaka ndiyo iliyowafundisha jinsi ndege ilivyokuwa sasa, kabla hawajajaribu kuisogeza karibu na ardhi. Walitua salama. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, ndege nyingi zilizokwenda Baghdad zilifika juu sana moja kwa moja juu ya uwanja, kisha zikashuka kwa kujizungusha ndani ya eneo lililolindwa, ili zisipite chini juu ya mitaa iliyoweza kuficha mrushaji kombora. Huo nao ni mzunguko ambao kwenye ramani hauonyeshi sababu yake.

Foleni ya angani

Mizunguko mingi zaidi haina hatari yoyote. Ni foleni. Waongoza ndege wakishindwa kupokea ndege zote kwa wakati mmoja huzipeleka kwenye nukta maalumu iliyochorwa kwenye ramani za marubani, na kila moja huzunguka hapo kwa umbo la yai refu: mstari mmoja kwenda, kugeuka, mstari wa kurudi, kugeuka tena. Isipoagizwa vingine, hugeukia kulia. Hadi futi 14,000 mstari wa kwenda ni dakika 1. Juu ya hapo ni dakika 1 na nusu. Kasi ina mipaka: karibu kilomita 426 kwa saa hadi futi 14,000, 444 hadi futi 20,000, na 490 hadi futi 34,000. Ndege hulala kwa digrii 25 au hugeuka digrii 3 kwa sekunde, lolote linalohitaji kulala kidogo. Kwa jumla mzunguko mmoja huchukua dakika 4 hadi 6.

Ndege zinazosubiri nukta moja hupangwa kama ghorofa, futi 1,000 kati ya moja na nyingine. Ya chini ikiruhusiwa kwenda kutua, zilizobaki hushushwa ngazi moja moja. London Heathrow ina nukta nne za namna hii, Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin, na wakazi wa chini yake wamezoea kuona ndege zikizunguka asubuhi.

Kwa ndege za mizigo foleni hii ni ya usiku. Memphis kwa FedEx, Louisville kwa UPS na Leipzig kwa DHL ni vituo ambavyo ndege nyingi hufika karibu wakati mmoja, vifurushi hupangwa upya, na zote huondoka kabla ya alfajiri. Nyingi ni ndege nzito, na ndege nzito huacha nyuma yake mikondo ya hewa inayozunguka kwa nguvu. Kwa viwango vya kawaida vya ICAO, nzito nyuma ya nzito huachiwa kilomita 7.4, na ya wastani nyuma ya nzito kilomita 9.3. Nafasi hizo haziwezi kufinywa kwa sababu tu kuna haraka. Mvua ya radi ikiufunga uwanja kwa nusu saa katikati ya wimbi hilo la ndege, foleni hujaa ghafla.

Saa za kufunga viwanja nazo zina mchango wake. Frankfurt, mojawapo ya vituo vikubwa vya mizigo Ulaya, hairuhusu safari zilizopangwa kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Ndege iliyovuka bahari ikisukumwa na upepo mkali inaweza kufika mapema. Rubani akijua mapema hupunguza kasi akiwa bado mbali, maana kupoteza dakika 15 kidogo kidogo njiani hula mafuta machache kuliko kuja kuzunguka chini. Asipoambiwa mapema, atazunguka.

Afrika Mashariki, wanaosubiriwa ni ukungu na radi. Nairobi hupata mawingu ya chini na ukungu alfajiri, hasa miezi ya baridi, saa zilezile ambazo ndege tupu zinazokuja kuchukua maua huwa zinafika. Kwa mfumo wa kutua wa daraja la kwanza, rubani anatakiwa aone umbali wa angalau mita 550 kwenye njia ya kurukia, na asipoiona akiwa futi 200 juu yake hupaa tena. Ukungu wa namna hiyo huondoka jua likipanda, kwa hiyo swali ni je, mafuta yatafika hadi huo wakati? Upande wa Ziwa Victoria hali ni nyingine: radi za ziwa hukua usiku hadi alfajiri, na ndege ya Entebbe hukaa pembeni ikingoja kiini cha mvua kipite juu ya uwanja. Kusubiri dakika 20 kwa radi ni jambo la busara, kwa kuwa upepo unaoshuka kutoka chini ya wingu kama hilo unaweza kuikandamiza ndege hatua chache kabla ya kutua.

Mafuta ndiyo saa

Muda wa kuzunguka huamuliwa kabla ndege haijaondoka. Kwa kanuni za ICAO, ndege ya injini za jeti hubeba mafuta ya safari yenyewe, nyongeza ya kawaida ya asilimia 5 kwa yasiyotarajiwa, mafuta ya kwenda uwanja mbadala, na akiba ya mwisho ya dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja. Akiba ya mwisho haipangiwi matumizi. Ndege inatakiwa itue ikiwa bado imo kwenye tangi.

Tuseme 777 ya mizigo inazunguka karibu na Nairobi. Kilimanjaro iko kilomita 230 hivi, Mombasa kilomita 425, Entebbe zaidi ya 500. Rubani anayemtegemea Kilimanjaro kuwa mbadala ana dakika nyingi zaidi za kusubiri kuliko aliyeandika Mombasa, lakini Kilimanjaro ikianza kupata mawingu dakika hizo hufutika palepale. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja unapokamilika, wafanyakazi husoma mambo matatu: mafuta yaliyobaki, hali ya hewa ya hapa, hali ya hewa ya mbadala. Wana kiwango walichokwisha kukiandika, na mafuta yakifika hapo wanaondoka, hata kama mnara unasema ukungu unakaribia kuisha. Hili ndilo kosa linaloua katika kusubiri: kuongeza mzunguko mmoja kwa matumaini. Ikifika mahali ambapo ndege itatua na mafuta yaliyo chini ya akiba ya mwisho, rubani hutangaza Mayday kwa sababu ya mafuta, na ndege nyingine zote hupisha.

Mizunguko ya kazi

Baadhi ya ndege huzunguka kwa sababu mzunguko ndio kazi yenyewe. Wanaoishi karibu na Lokichoggio, Kenya, waliona Hercules za mizigo zikienda Sudan Kusini kudondosha chakula chini ya mpango ulioanza 1989. Baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limetumia Ilyushin Il-76 zinazobeba tani 30 hivi kwa safari. Rubani hupita kwanza juu ya eneo la kudondoshea bila kutoa kitu, akihakikisha na timu ya chini kwamba hakuna mtu wala mfugo. Akirudi, huinua pua na magunia huteleza yenyewe nje ya mlango wa nyuma. Nafaka huwekwa kwenye magunia kadhaa yaliyovalishana, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Mtoto mmoja akikimbilia eneo lile, udondoshaji husitishwa na ndege huzunguka tena, maana gunia la kilo 50 kutoka mita 300 huua.

Mafunzo hufanana na hayo kwa mbali. Rubani mpya kwenye aina fulani ya ndege hujifunza karibu kila kitu kwenye mashine ya kuigiza, kisha hufanya mitua kadhaa ya kweli kwenye ndege tupu: hutua, hupaa bila kusimama, huzunguka, hutua tena. Ndege iliyotoka kwenye matengenezo makubwa nayo hupelekwa hewani kwa saa moja au mbili kujaribiwa. Na ndege ya jeshi ya kujazia mafuta, kama KC-135, huchora yai refu sana juu ya futi 20,000 ikisubiri wateja wake. Kwa chini hudhaniwa kuwa ndege ya mizigo.

Kusoma ramani

Anayetazama kwenye simu anaweza kutofautisha mengi kwa kuangalia umbo pamoja na kimo. Yai dogo linalojirudia mahali palepale, kimo kikishuka kwa futi 1,000 kila baada ya muda, ni foleni. Umbo pana lisilo nadhifu juu ya maji, kimo kikiwa hakibadiliki, dakika chache baada ya kupaa, mara nyingi ni mafuta yanamwagwa au orodha ya hatua inasomwa. Mstatili mdogo unaoshuka hadi kugusa uwanja na kupanda tena ni mafunzo. Msimbo 7700 ukitokea, wafanyakazi wametangaza dharura, lakini msimbo huo hauelezi ni dharura gani: farasi na moto huandikwa namba ileile.

Kuna mizunguko ambayo haikutokea kabisa. Ramani hizi hutegemea mahali ambapo ndege yenyewe inasema ipo, kwa kutumia satelaiti. Kwenye maeneo ya vita, mashariki mwa Mediterania hasa, mawimbi ya uongo huidanganya mitambo, na mwaka 2024 ndege nyingi zilionekana ziko kwenye uwanja wa Beirut ilhali zilikuwa mbali nao. Dalili ni rahisi kuiona: ndege inaruka ghafla kilomita nyingi pembeni, kasi yake haiwiani na umbali, na ndege kadhaa zisizohusiana zinarundikana mahali pamoja kwa dakika zilezile. Marubani wenyewe wakiona hivyo hutumia mitambo ya ndani ya ndege na minara ya redio ya ardhini, na safari huendelea.